Shujaa Aliyeegemea Kikombe

Kazi yake ilikuwa fundi wa miwani, mtu wa kukaa nyuma ya pazia la duka akikaza skrubu ambazo wewe na mimi tungedhani ni punje za mchanga. Mtaani walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila kibisibisi chake kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu. Alikuwa mume wa mtu, baba wa mabinti wawili, ana kitambi kinachoanza na mvi zilizokwisha kuanza zamani. Na alikuwa akikusanya sanamu za mashujaa.

Nasema sanamu kwa sababu ukisema midoli mbele yake atakununia mpaka kesho. Ni wale mashujaa wa katuni na filamu, wenye majoho, vifua vya kupasua shati, na chupi wanayovaa juu ya suruali bila aibu. Walijaa kwenye kabati la vioo sebuleni, pale nyumba nyingine zinapoweka vyombo vya wageni. Mkewe alikuwa akisema kwamba nyumba hii ina mashujaa kabati zima na hakuna hata mmoja wa kubadilisha balbu ya chooni. Alikuwa akiyasema hayo amepanda juu ya kiti, anabadilisha balbu ya chooni.

Kila shujaa mpya alipofika, Bisibisi alimweka kwenye meza ya kulia chakula, akawasha kamera ya simu, akamchambua mbele ya watu. Alikuwa na chaneli yake na watazamaji wake, si haba. Alianza na viungo: shingo, viwiko, nyonga, magoti, kila kimoja akikikunja na kukikunjua karibu na simu ili watu wasikie kama kinalia. Kisha rangi, na hapo alikuwa mkali kuliko mama mkwe. Jicho lililopakwa upogo aliliona hata kabla ya kufungua boksi. Mwisho joho. Video yake ya kwanza kabisa aliipa jina "Leo tunachambua viungo", wakaja akina mama waliodhani watafundishwa mapishi, na mmoja akauliza kwa adabu zote hiliki inaingia saa ngapi. Bisibisi akamjibu kwamba hiliki hana, ila nyonga anazo. Yule mama akabaki mpaka leo. Ndivyo alivyokuwa, maneno yakimtoka bila kuitwa, na watu walimpendea hayo kuliko hata sanamu zenyewe.

Mtazamaji wake wa kwanza, hata kabla ya mkewe, alikuwa dada yake. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa binti anayejifunza kushona, na Bisibisi kitoto kinachonyonya kidole. Baba yao alikuwa mtu wa safari, na safari moja ikamchukua moja kwa moja. Dada akamwogesha, akamsomesha kwa cherehani, akamwoza, na hata alipokwisha kuota kitambi bado alimpigia simu kumuuliza kama amekula. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemwachia dada mguu mmoja mfupi, mwembamba, na kiatu chake cha upande huo kilikuwa na soli nene kama tofali. Haukumzuia kitu. Alizunguka mji mzima akipima watu nguo, akaingia maofisini na mashuleni kutafuta oda za sare, na mwenyewe alijiita Kiguu na Njia, akacheka mpaka akashika mbavu.

Majoho ya mashujaa yalikuwa kazi ya mikono yake. Viwandani huwavisha joho la plastiki, gumu kama ganda, lakini dada alichukua vipande vya satini vilivyobaki kwenye magauni ya maharusi akashona joho dogo la kushika kwa vidole viwili, lenye pindo na bitana, mpaka watazamaji wakawa wanauliza linauzwa duka gani. Na kila video ilipotoka, yeye ndiye aliyetangulia kuandika chini yake: "Nimefika, mdogo wangu."

Basi ndipo akaja shujaa wa radi. Bisibisi alikuwa amemsubiri muda mrefu, amemwagiza kutoka mbali, na joho lake la zambarau lilikuwa tayari liko kwa dada. Akafungua boksi kamera ikiwaka, akamsimamisha mezani, shujaa akaanguka. Akamsimamisha tena, akaanguka kifudifudi. Akamgeuza, akamtazama kwa lile jicho lake la kazini, akaona kwamba kiwandani walikuwa wamempachika mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, labda wa sanamu nyingine kabisa. Hasira na kicheko vikampanda pamoja. Akamwegemeza kwenye kikombe cha chai, akaigeukia simu, na ulimi ukafanya kazi yake ya siku zote.

"Jamani, nimeletewa kiwete," akasema. "Kiwete naye anataka kuokoa dunia? Huyu atafika dunia imeshazikwa."

Hakuishia hapo. Akamwinua shujaa akamtembeza mezani akimchechemesha, ule mguu mfupi ukigonga ubao, ko, ko. Akamkunja kiwiko, akamwekea mkono kiunoni, akamsimamisha kidogo, kidevu juu, kama mtu anayevuta pumzi, kisha akamwendesha tena. Akatoa sauti nyembamba: "Ngojeni, nakuja." Akacheka mwenyewe, akairusha video, akaenda kulala.

Hakuna video yake iliyowahi kupendwa namna ile. Watu waliisambaza, wakaikatakata vipande, wakaitumiana. Mwenye duka la miwani, ambaye kwa kawaida hacheki mpaka hesabu zifungwe, alimpokea mlangoni kesho yake kwa sauti nyembamba, "Ngojeni, nakuja," wakagongana mikono. Bisibisi alivimba kichwa. Adhuhuri, wakati wenzake wakila, alikaa nyuma ya pazia akisoma maoni, amejaa tele, akitafuta lile la dada ili alijibu kwa utani.

Halikuwepo.

Akadhani ni mtandao. Akatafuta upya kuanzia chini, akapanda. Kisha kitu kikamwambia aitazame video yake mwenyewe, naye akaitazama. Neno "kiwete" lilimchoma, lakini neno angeweza kulitetea. Alipofika pale alipokunja kile kiwiko, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Si kila anayechechemea huweka mkono kiunoni. Si kila mmoja husimama baada ya hatua chache, akainua kidevu kana kwamba anaangalia hali ya hewa, ili asionekane anapumzika. Huo ulikuwa mwendo wa mtu mmoja tu duniani, na yeye aliujua kwa sababu alikua akitembea nyuma yake, ameshika sketi yake. Akaizima simu. Siku ile alikaza skrubu ya mteja mpaka kioo kikapasuka.

Visingizio havikosekani kwa mwenye kuvitafuta. Alijiambia kwamba dada mwenyewe hujitania kwa mguu wake. Alijiambia kwamba dada ana kazi nyingi, huenda hata hajaiona. Lakini wahenga walikwisha kusema, mwenye kovu usidhani kapoa, na mkewe akayasema kwa lugha ya nyumbani.

"Ifute."

"Nikiifuta nitakuwa nimekiri kwamba nilimkusudia yeye."

"Na usipoifuta?" mkewe akauliza, akaendelea kukunja nguo.

Akaifuta, ila maji yakimwagika hayazoleki. Vipande vilikuwa vimeshaenea kwenye simu za watu asiowajua. Akampigia dada. Dada akapokea vizuri, akasema wao wazima, akamwambia awasalimie watoto. Hakumuuliza kama amekula. Kwa mtu mwingine lingekuwa si jambo. Kwa Bisibisi lilikuwa kama kufika kwenu ukakuta kitasa kimebadilishwa, akapoteza hamu ya chakula kweli, asiwe na wa kumwambia.

Siku zikapita akijifanya ana kazi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mwishowe aibu ikaizidi hofu, akaomba ruhusa mchana mmoja, akaenda.

Dada alishonea chumba cha mbele cha nyumba yake, pamoja na wasichana aliokuwa akiwafundisha ufundi. Bisibisi alipoingia wakamwamkia, "Shikamoo," bila kumtazama usoni, kisha mmoja akakumbuka uzi umekwisha, mwingine akakumbuka nguo ziko kambani, na kwa kufumba na kufumbua chumba kikabaki kitupu. Dada alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, akipiga pindo kwa mkono gauni refu lililomfunika mapaja. Kile kiatu cha soli nene alikuwa amekivua, kimelala chini ya cherehani, kwa kuwa mchana mguu humvimba.

"Karibu," akasema. "Kikague hicho kiti kabla hujakaa, kinapenda kuficha sindano."

Akakaa. Akatazama mikono yake. "Dada, ile video nimeifuta."

"Nimesikia."

"Haki ya nani, sikukuwaza wewe."

Dada akakata uzi kwa meno. "Najua hukuniwaza. Ungeniwaza ungenyamaza. Mikono yako ndiyo iliyonikumbuka. Ule mkono wa kiunoni ni wangu ule, mdogo wangu."

Bisibisi akaificha mikono katikati ya magoti.

"Nikwambie kilichoniuma?" dada akaendelea, sauti yake ileile ya kuagiza vifungo. "Siku hiyo humu ndani wasichana walikuwa wamejaa. Nikawaambia acheni kazi, njooni mumwone mdogo wangu. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, maana yule wa nyuma hasikii vizuri. Ikafika pale. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningewatukana, yangeisha. Wakaangalia sakafu. Kisha mmoja akaniletea maji, na mimi sikuwa nimeomba maji."

Bisibisi alitamani atukanwe, apigwe hata kwa kile kiatu. Aliona wazi jinsi ilivyokuwa: dada amenyoosha simu mbele ya wanafunzi wake, uso umejaa fahari, na yeye ndani ya simu akimtembeza juu ya meza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Machozi yakamjia, akayaacha.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," dada akasema papo hapo. "Nilikusamehe siku ileile. Nikuwekee kinyongo nikupeleke wapi? Wewe ni mtoto wangu." Akanyoosha mkono mezani, akampa kifurushi cha karatasi. "Chukua mzigo wako, kazi ya mtu hailali kwangu."

Lilikuwa joho la zambarau, bitana ya kijivu, mishono midogo hata yeye wa miwani ilibidi ainame kuiona. Akaligeuza. Pindo halikuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine, naye dada hajawahi kukosea pindo.

"Nimeliacha refu upande wa kushoto," dada akasema. "Mwenye mguu mfupi, nguo humpanda upande mmoja. Ukimvalisha litakaa sawa."

Bisibisi akaitikia kwa kichwa. Ilimchukua muda kuelewa. Ili kujua ni mguu upi, dada alilazimika kuitazama tena ile video, peke yake, kwa utulivu, akiisimamisha mahali pa kupima. Pengine zaidi ya mara moja. Akalikunja joho, akalitia mfuko wa shati.

Wakaongea mengine. Watoto, shule, bomba linalovuja. Dada akacheka hata, kidogo, na Bisibisi akaanza kupumua. Akaaga. Dada akaweka gauni pembeni ya meza, nusu bado imemfunika magoti, akajiandaa kuinuka amsindikize.

Kumvalisha kiatu kile ilikuwa kazi ya Bisibisi tangu hajui hata kufunga kamba zake mwenyewe. Alipiga magoti kila asubuhi kabla ya shule, dada akamwekea mguu mapajani, akatingisha vidole amchekeshe, yeye akafunga kamba. Hata alipokwisha kuoa, akikuta dada amevua, humvalisha. Mguu ule dada aliunyoosha mbele ya wateja, mbele ya mafundi wa viatu, mbele ya watoto wanaoshangaa njiani, na anayetaka kuutazama aliambiwa atazame vizuri, hautozwi.

Akapiga magoti, akakiokota kiatu chini ya cherehani, akakipanua mdomo kwa vidole, akanyoosha mkono mwingine kuupokea mguu.

Mguu haukuja. Dada alikuwa ameurudisha nyuma, chini ya kiti, na kwa mkono mmoja akalivuta lile gauni mpaka likagusa sakafu.

"Acha, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Nitavaa mwenyewe."

Akachukua kiatu mkononi mwake, akakishika, akasubiri. Hakuanza kukivaa mpaka Bisibisi alipoinuka, akageuka, akautazama mlango.