Marehemu Yuko Foleni

Bibi yangu Biasha ni kungwi. Pale Miteja ukiwa na mwali wa kuchezwa unamwita yeye, na nyimbo anazoimba huko ndani siwezi kuziandika hapa kwa sababu mama anasoma. Mimi mwenyewe kanicheza yeye, kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua: hakuna kiungo cha mwanamke ambacho bibi yangu hawezi kukitaja hadharani bila kupepesa jicho. Na usimfikirie kikongwe! Kipindi hicho alikuwa na miaka arobaini na saba tu. Kwetu watu wanawahi.

Sasa, mwezi wa pili 2020 wakaja wataalamu kwenye zahanati yetu, wanapima saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe wanakupaka siki huko ndani, wanaangalia kama panabadilika rangi, basi. Bibi aliingia wa kwanza, kashika kiuno. Wakakuta doa jeupe.

"Mama, hii sio saratani," Nesi Fortunata akamwambia, "ila ukiiacha inaweza kuja kuwa. Mwezi wa nne tunarudi na mashine, tunalichoma, dakika chache tu umemaliza."

Akapewa kadi ya tarehe. Mwezi wa nne ukafika, na aliyekuja ni korona. Wataalamu hawakutokea. Shule zikafungwa, na zahanati watu wakaiogopa kama ina chui, maana maneno yalikuwa ukikohoa tu pale, unabebwa ukafungiwe. Tukabaki nyumbani tunajifukiza. Majani ya mwarobaini, mchaichai, malimao, blanketi juu, tunaingia wanne wanne kama mihogo chunguni. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, na lile doa?"

Akachungulia kwenye blanketi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. "Mvuke wote huu, doa bado lipo tu? Limeshaiva hilo."

Ikapita mwaka mzima na miezi juu. Mwisho wa 2021 wataalamu ndio wakarudi, ila wamekuja gari moja na watu wa chanjo ya korona. Hapo ndipo palipoharibika. Maneno yakatembea kwamba ukiingia chumba cha siki, unatoka umechomwa sindano na wala hujijui. Bibi akatangaza haendi. Na kungwi asipoenda, aliowacheza hawaendi, yaani nusu ya wanawake wa Miteja! Siku ya kwanza Nesi Fortunata alishinda na chupa yake ya siki kama muuza kachumbari aliyekosa wateja. Siku ya pili ndiyo ya mwisho, saa nane mchana wanaondoka.

Asubuhi ile nikamfuata bibi jikoni. "Bibi, twende basi. Chanjo anachanjwa anayetaka, nimewauliza wenyewe."

"Najua."

"Sasa?"

Akakoroga uji wee, mpaka nikaona sufuria itatoboka. "Sasa wakiniambia doa limeshakuwa saratani yenyewe? Nisipojua, nalala. Nikijua nitalalaje?"

Yaani huyu ndiye aliyetufundisha sisi tusiogope! Nikatoka mbio mpaka kwa Mzee Shamte.

Mzee Shamte ni Mngindo, sisi Wamatumbi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya ujinga wote: analala mbele ya jeneza lisipite, anavaa viatu vya marehemu, analia kilio cha uongo, na wewe huruhusiwi kununa. Mimi nilimwomba aje amseme bibi kidogo tu. Jamani, vile alivyofanya sikumtuma!

Alitokea na ufito mrefu. Akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akausimamisha mgongoni kwa bibi, akaukata kwa panga usawa wa kilemba.

"We Mngindo, unafanya nini?"

"Napima kaburi. Marehemu, simama wima, usinipotezee vipimo."

"Marehemu nani?"

"Wewe. Umekataa kutibiwa, mimi nakaa kusubiri nini? Nina shamba la ufuta, nataka kumaliza kazi mapema."

Akachukua kanga ya bibi kwenye kamba, akajitanda, akatoka nayo barabarani analia. "Biasha weee! Umetuachaaa! Na uji hujaepua!" Watu wakakaa chini kwa kicheko. Ila Mama Modesti wa ng'ambo ya barabara hakujua kama ni utani, akaja mbio na unga kwenye ungo, machozi ya kweli kabisa. Kuingia uani akakutana na bibi kashika mwiko.

"Poleni na msiba," akasema kwa mazoea.

"Msiba wa nani?"

"Wako." Halafu akaketi mwenyewe.

Bibi akamgeukia Shamte, kasharudi uani. "Waambie watu mimi mzima!"

"Marehemu haongei. Mimi naamini cheti. Zahanati kuna watu wanapima mpaka saa nane. Kaniletee cheti kinachosema mzima, nikatupe ufito wangu. Vinginevyo nachimba."

Bibi akamnyang'anya ile kanga, akajifunga, akatoka. Hasira tupu! Nyuma Shamte na ufito begani, nyuma yake mimi, halafu Mama Modesti na ungo wake kichwani, halafu kijiji. Mpaka tunafika zahanati tulikuwa kama maziko yanayotembea, tofauti tu aliyekufa ndiye yuko mbele anatukana.

Nesi Fortunata aliposikia kelele alidhani ni wagonjwa wa korona. Alipoelewa, akacheka, akafungua daftari la 2020. Kulikuwa na wanawake kumi na mmoja walioambiwa warudi kuchomwa. Akaanza kuita.

"Biasha?"

"Yuko foleni, marehemu," Shamte akajibu.

"Salima?"

"Kaolewa Kinjumbi."

"Helena Gregori?"

Mama Modesti akashusha ungo wake.

"Tulimzika mwezi wa saba," Mama Modesti akasema.

"Aliumwa nini?"

"Tumbo, tuliambiwa. Alikuwa anatokwa damu."

Nesi akalikata jina daftarini. Shamte akaushusha ufito, akauegemeza ukutani. "Mimi ndiye niliyelala mbele ya jeneza lake," akasema. Ndio mara ya kwanza namsikia anaongea bila utani. "Nesi, Biasha huyu msinipe."

Bibi akaingia peke yake. Mimi pale nje nilitafuna kucha zote kumi. Mlango ukafunguka, Nesi Fortunata akanong'ona na mwenzake, mashine ikapelekwa ndani, mlango ukafungwa tena. Nikajua: mashine ikipelekwa maana yake inafaa. Likishakuwa kubwa sana, wanakupa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Alipotoka alikuwa anatembea taratibu. "Limekua," akasema, "lakini mashine imelifunika lote. Kaniambia ningekaa mwaka mwingine asingeniahidi."

Nikamkumbatia, akanisukuma, akanivuta tena.

"Inauma?" wanawake wakauliza kwa pamoja.

"Kama tumbo la mwezini. Adhabu yenyewe ni mkao! Umelala kama chura, halafu dada wa watu anakuuliza mwaka huu ufuta umekubali?" Halafu akaangalia wale wanawake, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina ya unyagoni, yale yasiyotajwa mbele ya wanaume. Kila aliyetajwa alikimbilia kwenye benchi kabla bibi hajaendelea kufafanua.

Saa saba na nusu siki ikaisha. Kweli! Nikatumwa kwa Leonadi wa chipsi pale barabarani. Nesi Fortunata akasoma maandishi ya kwenye chupa, asilimia tano, akasema inafaa. Leonadi kaifuata chupa yake mpaka mlangoni, analalamika madereva wa malori watakula chipsi kavu.

Bibi akamtazama. "Leonadi, mkeo yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Yeye hana mlango wa kizazi?"

Leonadi akaangalia foleni, akaangalia gari la wataalamu ambalo dereva alishaliwasha, kisha akamwendea dereva. "Kaka, zima kwanza," akasema, "namfuata na pikipiki."