Raba Nyekundu Chini ya Mrehani

Wiki tatu baada ya kumzika kaka yangu nilikwenda sokoni Mwanakwerekwe kununua mchele wa hitma. Pembeni mwa njia alikaa fundi baiskeli anaziba pancha. Alipaka solusheni, ile gundi yao, kwenye mpira, akaipuliza ikauke, na harufu yake ikanifika kabla sijamwona yeye mwenyewe. Nikasimama na kikapu changu katikati ya watu. Nina miaka arobaini na moja na watoto watatu, lakini pale nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa naogopa.

Nitakusimulieni nyinyi, kwa sababu niliyepaswa kumwambia hayupo tena.

Tulikuwa tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne: Baba, Mama, kaka Khatibu na mimi. Khatibu alinizidi miaka tisa. Asubuhi akifanya kazi kwa seremala, na akitoka huko akicheza mpira wa meza katika ukumbi mmoja uliokuwa karibu na kwetu. Alicheza vizuri kuliko wengi, na pia yeye ndiye aliyekuwa akiwabandikia wenzake raba, ile ngozi inayoupiga mpira, kwenye raketi zao. Alikuwa na bati la biskuti limejaa vipande vya raba kuukuu, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Baba hakupenda mtoto wa kike aende ukumbini. Alikubali siku moja tu, baada ya Khatibu kumwomba sana, na alikubali kwa sharti. Alimwambia Khatibu mbele yangu, "Likija lalamiko moja juu yake, moja tu, raketi yake naitia motoni, na yeye ndo mwisho wa kutoka." Khatibu akajibu, "Mimi namdhamini, Baba." Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Hata alipoita kunituma maji, nikiitika "Naam" huku miguu imeshaanza kukimbia.

Khatibu alikuwa akinifunga macho kwa leso ya Mama, akinipa vipande vya raba kimoja kimoja nivipapase. Cha kwanza kilikuwa laini na sponji yake nyembamba. Hiyo ya wanaoanza, akinambia. Mpira haukimbii, unakwenda pale ulipoupeleka, na ukikosea kidogo unakuvumilia. Ndiyo iliyokuwa kwenye raketi yangu, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Cha pili kilikuwa na sponji iliyonenepa kidogo, cha mtu aliyekwishajua kupiga lakini bado anajifunza kuuzungusha mpira. Cha tatu ukikipitishia kidole kinakushika. Hiyo ya washambuliaji. Inaung'ata mpira, inauzungusha, inauondoa mbio, lakini haina huruma, mkono ukipinda tu mpira unakwenda ukutani. Cha mwisho kilikuwa na vipele virefu vilivyotazama nje, laini kama nywele za mswaki. Hiyo ya wajanja waliochoka kukimbia. Unampigia mtu mpira kwa nguvu zako zote, naye anakurudishia polepole, na mzunguko wako mwenyewe ndani yake. Alisema inafanana na bibi yetu wa Makunduchi. Unamwendea na maneno yako ya haraka, anakujibu kidogo tu kwa upole, unafika nyumbani ndo unajua kama umesemwa.

Vijana walikuwa wakija kumtaka awabandikie raba ya kasi, na yeye akiwarudisha na ile ya pole. Walinung'unika. Aliwaambia kosa la watu ni kutafuta raba ya yule wanayetamani kuwa, wakaiacha ya yule waliye leo.

Mwaka huo jamaa yetu alirudi kutoka Dubai, akamletea Khatibu raba mpya ya washambuliaji. Nyekundu, inang'aa, ukiigusa unasikia kidole kinanasa. Aliibandika siku ya Jumapili kwenye raketi yake, upande wa pili akaacha ile nyeusi yenye vipele. Ijumaa baada ya alasiri angecheza na Feisal, kijana wa Mtoni, na mshindi ndiye atakayechukua nafasi moja iliyobaki katika timu inayokwenda bara. Kwetu hakuna aliyewahi kupelekwa bara kwa kitu chochote. Khatibu akatwambia sote, hata Mama, raba ile asiiguse mtu.

Alhamisi niliporudi kutoka skuli Mama akanisuka, akanipaka mafuta ya nazi kichwani, kisha akateremka kwa jirani. Raketi ilikuwa juu ya kabati ndani ya mfuko wake. Sina la kujitetea. Nilipanda kiti nikaitoa, nikapiga mpira ukutani mara tano au sita. Mlio wake haukuwa ule wa raketi yangu, ulikuwa mlio mnene, wa kushiba. Nikafurahi. Nikaweka nywele sawa, nikapiga tena. Mpira ukateleza.

Nilipoitazama ile raba niliona alama za vidole vyangu zinang'ara kwa mafuta ya nywele. Nikaifuta kwa gauni langu la skuli, mafuta yakatambaa yakaenea kote. Nikaenda kuiosha kwa sabuni ya unga, ikatoka povu, ikabaki imelowa na imefifia. Mchezo kesho. Khatibu anarudi kabla ya magharibi. Ndipo nikaona chetezo cha udi.

Kila Alhamisi Mama alikuwa akifukiza nguo za Ijumaa. Chetezo chini, tenga juu yake limefudikizwa, na juu ya tenga kanzu ya Baba na ya Khatibu zimetandazwa. Nilijua nguo huingia pale na unyevu na hutoka kavu, zinanukia. Sikuona kwa nini raketi isifanye hivyo. Nikainua kanzu, nikailaza raketi upande mwekundu chini, nikaenda kuchungulia ngazini kama Mama anakuja.

Niliporudi, moshi ulikuwa na harufu nyingine. Raba ilikuwa imefura katikati, uvimbe mkubwa kama wa chapati juu ya chuma, na pembezoni imejikunja. Niliushika ule uvimbe kwa kidole, ukabonyea, haukurudi. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu, lile neno la Baba: lalamiko moja.

Fikra ya kubadilisha raba sijui niliipata wapi. Nadhani hofu ndiyo iliyonipa. Raketi yangu nayo ilikuwa na wekundu. Nikabandua ile iliyoungua taratibu, kama nilivyomwona Khatibu akifanya, nikabandua na ya kwangu. Nikateremka mbio kwa fundi baiskeli wa chini ya jumba letu, nikamwambia kaka ananituma solusheni kidogo. Huo ulikuwa uwongo wangu wa kwanza. Nikapaka ubao, nikapaka sponji, nikangoja vikauke, nikapaka tena, nikabandika, nikasukuma kwa mti wa kusukumia chapati, nikakata ziada kwa wembe. Raketi yangu, iliyobaki uchi upande mmoja, nikaiweka chini ya godoro. Ile raba iliyoungua nikaizika barazani, ndani ya debe la mrehani wa Mama.

Mama aliporudi alinusa hewa, akauliza udi wa leo una nini, au muuzaji kamghilibu. Baadaye, akichambua mchele, alikuwa anamsimulia Baba habari za jirani mmoja aliyeficha ugonjwa wake, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nilihisi kama kanigeukia mimi. Khatibu alirudi, akauchukua mfuko wa raketi, akautia begini bila kuufungua.

Ijumaa tulikwenda kwenye ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe. Baba naye alikuja, hakuwahi kuja hata siku moja kabla ya hapo. Akakaa kwenye benchi, akanambia nikae ubavuni pake.

Kabla ya kuanza, wachezaji hupeana raketi, kila mmoja aione ya mwenzake. Feisal akapitisha kidole kwenye ile nyekundu. Akasita. Akapitisha tena, kisha akatabasamu akamrudishia. Mimi nilijua anatabasamu nini. Hata mtoto wa miaka kumi na moja aliyefungwa macho angejua ile ni raba ya wanaoanza.

Khatibu alipiga mpira wa kwanza kama alivyozoea, ukafa wavuni. Wa pili ukafa wavuni. Akasimama. Akaigeuza raketi akaitazama, kisha akaisogeza puani akainusa. Udi, solusheni, na nadhani nazi pia, kwa sababu vidole vyangu vilipita kila mahali. Akainua macho akatazama benchi letu. Nikainamisha kichwa, nikaanza kusoma kila sura niliyoihifadhi chuoni, nikizichanganya.

Mwamuzi akamwuliza, "Raketi yako ina tatizo?"

Pembeni palikuwa na raketi mbili za akiba, sote tulikuwa tunaziona. Angesema neno moja tu, angepewa. Lakini angeulizwa, raketi iliyokuwa nzima jana imekuwaje, na Baba alikuwa hatua nane kutoka pale.

Khatibu akasema, "Haina. Tuendelee."

Seti ya kwanza ilikwenda haraka. Watu wa Mtoni walikuwa wanacheka, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Leo kaja na mwiko." Ukumbi mzima ukacheka. Baba akanigeukia, akaniuliza polepole, "Kakaako ana nini leo?" Nikajibu, "Sijui, Baba." Huo uwongo wa pili, na ndio unaonichoma hadi leo.

Kuanzia seti ya pili Khatibu akabadilika. Akarudi nyuma ya meza, akaacha kushambulia. Akawa anapokea kwa vipele, anamrudishia Feisal mzunguko wake mwenyewe, na ile nyekundu yangu akaitumia kama inavyotaka kutumiwa, kuupeleka mpira pole pole pembeni, pale pale. Alicheza mchezo wa bibi yetu wa Makunduchi. Kicheko kikakoma. Alishinda seti ya pili, akapoteza ya tatu, akashinda ya nne. Ya tano alishindwa kwa pointi mbili.

Baba alibaki nyuma kusali magharibi na jamaa zake. Sisi wawili tukarudi kwa miguu. Tulipofika Darajani Khatibu alisema, bila kunitazama, "Umebandika vizuri. Kingo hazikuachia."

Mimi nikayachukua maneno yale kama mwanzo wa adhabu. Nikaona ananikejeli, na kwamba amejiwekea siku yake ya kumwambia Baba. Jumapili alilitoa bati la biskuti, akaniamuru nimletee raketi yangu, akabandika kipande chekundu pale palipokuwa uchi. Hakuuliza cha zamani kiko wapi. Kutouliza kwake kulinitisha zaidi.

Kila asubuhi Mama akimwagilia mrehani mimi nasimama mlangoni, nangoja maji yaifukue ile raba. Nikapanga niitoe, niitupe mbali. Siku nilipopata nafasi nikachimba kwa kijiko upande mmoja, nikachimba upande wa pili, nikafika kwenye chuma cha debe. Haikuwamo.

Sijui niseme vipi hofu ile. Raba ikiwa udongoni ni siri. Ikiwa mkononi mwa mtu ni ushahidi, na mimi sikujua mkono wa nani. Nilimchunguza Mama akila, nilimchunguza Baba akivua viatu. Kila nilipoitwa, "Naam" yangu ilitoka kavu. Ilipita Ramadhani, ikapita Idi, na hakuna aliyesema. Nikaendelea kucheza mpaka nilipoolewa. Khatibu aliendelea kubandikia watu raba. Bara hakuwahi kupelekwa.

Hofu ikazeeka pamoja nasi, ikawa aibu tu. Mara nyingi nilitaka kumwomba radhi. Tukikutana kwenye harusi au msibani nikijiambia leo, halafu watoto wanalia, chai inakuja, siku inakwisha. Nilimwona mara ya mwisho amelala hospitali, nikazungumza naye habari za bei ya umeme. Siku ya maziko waliuliza kama kuna anayemdai. Hakuna aliyeuliza nani anadaiwa naye.

Baada ya hitma, wifi yangu Asya aliniita chumbani akanipa mfuko wa raketi. Alisema marehemu mwenyewe alishausia nipewe mimi. Ile nyekundu yangu ilikuwa bado juu ya ubao, imepasuka pasuka, na kingo kweli hazijaachia. Nyuma yake palikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. Asya akasema, "Na hiyo takataka sijui aliiweka ya nini. Mara ngapi nimetaka kuitupa, hataki. Akinambia hiyo amana ya mtu."

Nikafungua. Uvimbe ulikuwa pale pale katikati, umekakamaa, na kwenye vitundu vya sponji mna udongo mkavu wa debe la mrehani.

Nimekaa nayo siku kadhaa sasa, na nimeukumbuka upya ule mtazamo wa ukumbini. Miaka yote nilidhani alinitazama mimi. Mimi na Baba tulikuwa ubavu kwa ubavu, na mtoto mwenye hatia hudhani kila jicho ni lake. Sasa naona jicho lake halikuwa na hasira. Alikuwa anamtazama Baba, kujua kama Baba amefahamu. Alikuwa anaogopa, kama mimi, na alikuwa anaogopa kwa ajili yangu.

Nilipokuwa mtoto niliogopa miezi mingi kwamba kuna mtu kaishika ile raba. Kweli alikuwapo.