Mlio wa Buti la Gari

Shamsia alikuwa ameshalipita soko la Bukoto ndipo akajua kwamba amepotea. Miaka yote aliyofanya kazi na Marjan redioni alikuwa hajawahi kufika kwake. Flati zilifanana zote, rangi ya njano iliyopauka, mashuka yananing'inia. Aliogopa kuuliza. Siku hizo ukimuulizia mtu kwa jina, watu walikutazama kwanza miguuni, waone kama umevaa viatu vya wapelelezi. Mwishowe akamsogelea mwanamke aliyekuwa akimenya muhogo.

"Yule mzee wa kugongagonga? Ghorofa ya juu, mama. Ukisikia farasi usikimbie, ni yeye."

Marjan alimfungulia akiwa na kikoi na fulana. Sebuleni palikuwa na sinia la changarawe, bawaba zenye kutu, kimlango kidogo kisichokuwa na nyumba. Redio ilipokuwa bado mpya mjini, na watu wakijazana kwenye duka la mwenye redio ili wasikie mchezo wa jioni, yeye alikuwa mfagiaji wa studio. Siku moja mtu wa kutengeneza milio ya michezo hakutokea. Marjan akaacha ufagio, akavua viatu, akatembea juu ya mchanga badala ya mwigizaji. Tangu hapo kila aliyetembea katika michezo ya Kiswahili alitembea kwa miguu ya Marjan: mabibi harusi, walevi, makadhi. Hakuna aliyemjua kwa sura, wala hakulalamika.

"Bi Shamsia! Leo jua limetokea wapi?"

"Wamekuja studio, mzee. Wapelelezi wawili, na miwani yao myeusi. Wanauliza nani alifunga lile buti."

Marjan akakaa polepole.

Mchezo ulikuwa wa kuchekesha, na Shamsia ndiye aliyeuandika. Mjomba bahili, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anawaletea jamaa zake matoke, mikungu mizima ya ndizi za kupika. Katika karatasi aliandika tu kwamba teksi inasimama. Lakini Marjan alikuwa na sharti lake la kazi: mzigo hautoki garini bila buti kufunguliwa, na kilichofunguliwa lazima kifungwe, la sivyo msikilizaji atabaki akingoja. Akaleta sanduku la chuma, akalijaza magunia ili liwe zito, akaangusha kifuniko. Mjomba akasema maneno aliyoandikiwa: "Mzigo huu mzito, lakini umetulia."

Shamsia alikuwa Kisenyi jioni ile, nyumbani kwao, dirisha linatazama mkahawa wenye redio. Mchezo ulikuwa umerekodiwa mapema, naye alitaka kusikia watu wakicheka. Walicheka mpaka pale. Kifuniko kilipoanguka, mkahawa mzima ukanyamaza. Kila mmoja pale alikuwa na jirani au ndugu aliyetiwa na wapelelezi ndani ya buti mchana kweupe, na mlio ule ndio uliokuwa wa mwisho kusikika kabla hajapotea.

"Mkubwa wetu anasema uende kwao kesho ukajieleze mwenyewe," Shamsia akasema.

"Waliokwenda kujieleza nawajua. Umemwona hata mmoja?"

"Nitawaambia niliandika mimi."

"Uliandika teksi, binti yangu. Teksi haina kosa." Akajipangusa uso kwa pembe ya kikoi. "Nina dada ng'ambo ya mpaka, Kibera. Kila mwaka ananiita. Lakini nimechoka. Kwenda nako ni kazi. Acha waje, wanikute hapahapa na changarawe yangu."

"Mzee, usiniambie hivyo!"

Gari likasimama chini. Mlango ukafunguka, kisha wa pili. Shamsia akaushika mkono wa kiti. Buti likafunguliwa, kitu kizito kikaburutwa, buti likabamizwa.

"Banange, jamani, polepole! Mtavunja ndizi!" mwanamke wa muhogo akapiga kelele. Wanaume wakacheka. Ilikuwa mikungu ya matoke.

Marjan alikuwa amesimama bila kujijua. Kichwa kilikuwa kimeinama upande, akisikiliza kama yuko studio.

"Nililifanya zito mno," akasema. "La kweli ni jepesi. Linalia kama sufuria."

Akajitazama, akaona amesimama.

"Kama matoke ya jirani yananifanya hivi, kazi imeniisha, Bi Shamsia. Nakwenda kwa dada."

Akavaa shati na koti. Akachukua kibahasha cha vitambulisho na kofia, basi. Shamsia akamuuliza vifaa je.

"Mchezo wa wiki ijayo una harusi. Watu watatembeaje? Kaa navyo. Changarawe usiilowanishe."

"Utafika mpakani Busia leo?"

"Nikifika nimefika."

Alitoka kwa ngazi ya nyuma, amebeba viatu mkononi. Shamsia alitega sikio asisikie kitu. Mtu aliyetembea kwa niaba ya wote alikwenda zake bila mlio hata mmoja, na mlango, kwa mara ya kwanza, akauacha wazi. Shamsia hakuufunga. Alikaa karibu na sinia, akivisikiliza vicheko vya chini, akingoja mzee afike mbali.