Uji Ndani ya Rejeta

Uji wa wimbi ukishika chini ya sufuria hutoa harufu ambayo sijui kuieleza vizuri: tamu kidogo, chungu kidogo, na moshi ndani yake. Wengine wakiinusa hukimbilia jikoni. Mimi huona gari la kijivu limesimama kando ya barabara pale Awasi, boneti wazi, na baba yangu amevaa suti ya Jumapili siku ya Jumatatu.

Baba alikuwa karani bandarini Kisumu, na gari lile lilimfikia likiwa limeshazeekea mikononi mwa watu wengine. Mama alilipachika jina la mke mwenza. Alisema mke mwenza wa kweli angalau angemsaidia kuteka maji, huyu kazi yake ni kuyanywa tu. Hapo hakusingizia, maana rejeta ilivuja. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Baba aliinama kuchungulia chini ya gari, na kila asubuhi alikikuta kidimbwi chake kinamngoja.

Mwaka ninaousimulia, miaka michache baada ya Uhuru, dada yangu Akinyi alipata nafasi katika shule ya upili ya bweni kule Kericho. Hakuna msichana wa ukoo wetu aliyekuwa amefika huko. Barua ilisema aripoti Jumatatu kabla ya saa kumi jioni, na kwamba atakayechelewa, nafasi yake itapewa mwingine. Mama alitaka twende kwa basi. Baba akasema binti yake atashushwa mlangoni na gari la baba yake. Mama akamkumbusha kwamba fundi mmoja wa mjini alikuwa amemwonya kuhusu themostati, kile kidude cha shaba kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto, kisha kinayaachia yapite kwenye rejeta yakapoe. Fundi alisema imechoka, ibadilishwe. Baba alijibu kwamba gari ni lake na analijua.

Jumapili baada ya kanisa alivua shati, akaifunga mipira ya rejeta kwa vipande vya tubu ya baiskeli, akapaka sabuni penye nyufa. Majirani wakaja kusaidia kwa midomo. Mmoja wao, aliyewahi kuwa utingo wa lori, alisema, "Bwana, wewe weka unga kidogo ndani ya rejeta. Itaziba yenyewe. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kila siku."

Baba akacheka. "Gari si mgonjwa, ati inyweshwe uji."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, Akinyi ndiye aliyenisuka nywele na kunisimulia hadithi, na wazo kwamba nafasi yake ingepewa msichana mwingine kwa sababu ya kidimbwi cha maji lilinikosesha hamu ya kula. Jioni, watu wazima walipotoka kuwasindikiza wageni, nilichukua kopo la unga wa wimbi jikoni, nikapanda juu ya bampa. Utingo alisema kidogo. Mimi niliona shule ya upili si jambo la kidogo, nikamimina kopo zima.

Asubuhi chini ya gari palikuwa pakavu. Baba alituita wote tuje tuone. "Mnaona? Huo ni mkono wa mwenye gari." Nilivimba kichwa kimyakimya, nikaingia kiti cha nyuma na kubanwa kati ya Mama na godoro.

Tulipita Ahero na mashamba yake ya mpunga bila tatizo. Tulipokaribia Awasi, mshale wa joto ukaanza kupanda, Baba akapunguza mwendo, na mara mvuke ukafunika kioo cha mbele. Pamoja na mvuke ikaja ile harufu. Mama akanusa hewa. "Nani anapika uji hapa barabarani?"

Siri ya mtungi muulize kata, na kata nilikuwa mimi. Nilitaka kusema, nikamtazama Akinyi, nikalikumbatia godoro.

Bahati yetu, karibu na soko kulikuwa na gereji ya mabati ya Mzee Kamau, mtu aliyetoka Nyeri na kuzeekea huku kwetu. Yeye na Baba walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita, na la jioni lingefika Kericho usiku. Mama alimwambia Baba mbele ya kila mtu, "Nilikuambia themostati. Nikakuambia basi. Wewe ni kujua tu." Baba akavua koti la suti. Akinyi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, ameishika barua kwa mikono miwili. Hakulia, na hilo liliniumiza zaidi.

Mzee Kamau alifungua nati mbili, akatoa themostati na kuipangusa kwa tambara. Akaazima sufuria kwa mama wa chai wa jirani, akaitumbukiza ndani ya maji, akaweka jikoni. Tuliinama watatu, yeye, Baba na mimi, kuitazama. Maji yalipochemka, kile kidude kikafungua mdomo taratibu, kama samaki aliyetolewa ziwani.

Mzee Kamau akainua uso. "Bwana, lakini hii kitu..."

"Imekwisha," Baba alisema. "Weka ingine."

Yule mzee akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nang'ata kucha. "Sawa, Bwana," akasema. "Imekwisha."

Baba akanikabidhi sufuria. "Atieno, rudishia mama wa chai. Ukae huko huko unywe chai na mandazi mpaka nikuite." Hakuwahi kuninunulia chai ya kibandani maishani mwangu. Nilikaa, nikanywa, nikahesabu magari yaliyopita kwenda Kericho.

Aliponiita, rejeta ilikuwa imeshatolewa, ikatiwa lehemu palipovuja, ikarudishwa. Themostati nyingine, iliyotoka kwenye gari bovu la nyuma ya gereji, ilikuwa mahali pake, na gasketi mpya ya kuzibia kiungo, iliyokatwa kwenye karatasi nene na kupakwa grisi. Chini palikuwa na matope, na kuku wa Mzee Kamau walikuwa wanagombania kitu humo. Niliwatazama kidogo, nikawasahau. Injini ikawaka, mshale ukatulia. Nilimshukuru Mungu kwa kuiua ile themostati na kuuachilia huru unga wangu.

Tulifika saa tisa na nusu. Akinyi aliingia langoni na sanduku lake, na siku hizi ni mwalimu mkuu aliyestaafu.

Kwa miaka mingi Baba alisimulia habari za themostati iliyomwangusha Awasi, arusini na matangani, na kila mara Mama alizimalizia yeye: "Nilimwambia." Wakibishana juu ya jambo lolote, liwe la ng'ombe au la paa la nyumba, Mama aliitaja Awasi na ubishi ukaisha hapo. Baba aliinamisha kichwa.

Nilipokuwa mtu mzima na kununua gari langu kuukuu, fundi mmoja wa Kisumu alichemsha themostati yake mbele yangu. "Mama, hii ni mzima," akasema. "Ikifungua mdomo hivi haina makosa. Ikikufa inabaki imefunga." Nilikaa juu ya tairi. Nikaiona chai ile, nikawaona wale kuku na kile walichokuwa wanakidonoa: madonge ya unga wangu. Bila shaka Baba aliinusa harufu ile kabla ya Mama. Alikubali kuitwa mume asiyesikia, miaka yote hiyo, ili mimi nisiitwe mtoto aliyetaka kumharibia dada yake shule. Nililia pale gereji, na fundi akadhani ni habari za gari.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bondo, ambako wazazi wangu walistaafia. Niliwakuta nje, Mama anachagua dagaa wa omena kwenye ungo, Baba ana kikombe cha uji.

"Baba," nikasema, "ile themostati ya Awasi haikuwa imekufa."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo. Baba akamtazama yeye kwanza, kisha mimi.

"Ilikuwa imekwisha kabisa," akasema.

"Nilimwambia," Mama akasema, na kurudi kwenye omena zake.

Baba akanywa uji wake, akaniuliza kama gari langu linavuja.