Pekupeku Hadi Tabora

Mtu anajuaje kidole kipi kimekosekana kwenye mguu wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila viatu? Nilijiuliza hivyo nikiwa msichana mdogo wa shule, Elisabethville, mwisho wa kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, na sikupata jibu. Niliuliza watu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza mno, hata sista mmoja wa shule aliniambia kwamba shetani naye alianza kwa kuuliza. Niliona hilo si jibu, na mpaka leo, baada ya miaka yangu ya chuo pale Kasapa, bado naona si jibu.

Kwetu bibi na babu wote wawili huitwa kambo. Nisimchanganye msomaji: hapa Kambo ni bibi yangu mzaa baba, na mume wake nitamwita babu. Babu alikuwa soda, yaani askari. Katika vita ya kwanza, baba yangu akiwa hajazaliwa, alitembea na jeshi la Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, kwenda kupigana na Wadachi, ndio Wajerumani, mpaka Tabora ikaanguka. Baadaye alifanya kazi ya reli, hadi goti lake la kulia lilipokataa.

Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, masoda wa zamani waliandamana kuikumbuka Tabora. Walitoka kanisani na fanfari, bendi ya ngoma na tarumbeta, mbele, medali vifuani, wakaenda mpaka kwenye mnara wa mjini. Mwaka huo babu hakuweza tena kwenda nao. Aliomba kitu kimoja tu: maandamano yapite kwenye avenyu yetu, asimame mlangoni, apige saluti pamoja na wenzake. Aliamini itakuwa saluti yake ya mwisho, na hakutaka kuipiga peke yake kama mwendawazimu.

Wa kuamua alikuwa prezida, mwenyekiti wa chama chao. Zamani alikuwa soda kama babu. Siku hizo alikuwa kapita, yaani msimamizi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, mtu wa sauti kubwa na viatu vyeusi vilivyong'aa kiasi kwamba ungeweza kujitazama ukasuka nywele. Sikumjua mtu aliyewahi kuiona miguu yake. Watu wa avenyu walisema amebatizwa navyo, na kwamba mke wake huvipangusa kitandani. Kabila lake na la Kambo ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo maneno hayo Kambo aliweza kumwambia usoni, naye akacheka. Wengine waliyasema akishapita.

Prezida alikubali kupitisha maandamano kwetu, ila akasema nyumba iwe safi, maana mzungu wa wilaya atakuwepo.

Sasa, kila kiangazi kikiisha, wanawake wa avenyu yetu walikuwa na desturi ya kuzikanda upya kuta za matofali ya udongo kabla mvua hazijazila, kisha kuzipamba. Walitumia udongo wa pemba kwa weupe, udongo wa kichuguu kwa wekundu, makaa yaliyotwangwa kwa weusi, na uji mwembamba wa muhogo ili rangi ishike. Kambo alichora mapambo ya kwao Lukafu, mistari iliyopishana kama nyuzi za mkeka. Mwaka huo, aliposikia neno "safi", alikaa akautazama ukuta wetu mrefu wa upande wa barabara, akasema mistari imetosha. Ataichora pale njia ya Tabora.

Wanawake walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na soda wake wa kukumbukwa: baba, mjomba, mume aliyefia njiani. Hawakuchora kwanza. Waliketi kwenye kivuli cha ukuta na kusimulia, na babu kutoka kwenye kiti chake aliwasahihisha: pale kulikuwa na mto, pale tulikula mizizi, pale tulimzika fulani na kofia yake. Pale masimulizi yalipofikia ndipo walipochora. Makoti ya masoda yalipakwa buluu ya kufulia, kofia zao udongo mwekundu, na msitu jiwe la kijani la mgodini, ambalo mimi nilipewa kazi ya kulisaga. Nyuma ya safu Kambo aliongeza wanawake wenye vyungu kichwani. Nilidhani anajaza nafasi karibu na dirisha.

Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, lakini alikataa nyuso.

"Sura ya muntu siichore," alisema. "Munipe chini ya magoti."

Basi wakampa chini ya magoti. Alipiga magoti mchangani na kuchora miguu ya safu nzima, pekupeku, kidole kwa kidole. Kambo alisimama nyuma yake akimwelekeza. Alipofika kwenye soda wa kwanza, Kambo alimwambia: mguu wa kushoto, acha kidole cha mwisho na mwenzake, havikuwepo.

Nikauliza havikuwepo vya nani. Kambo akaniambia nisage jiwe.

Nilikuwa na mashaka yangu. Kitabu cha shule kilikuwa na picha ya masoda, wote wamevaa mabuti hadi karibu na goti. Ama kitabu kilidanganya ama babu, na nilijua ni yupi kati yao aliyewahi kuniambia kwamba samaki wa mto Lualaba wanapiga miayo. Nilimpelekea kitabu. Alikitazama kwa muda, akaiweka picha karibu na macho, akanirudishia.

"Hawa wako wapi, bibi yangu?" aliniuliza; hivyo ndivyo babu alivyoniita, kwa utani wa babu na mjukuu. "Mabuti haina hata matope."

Siku chache kabla ya sikukuu prezida alikuja kukagua. Alitembea kando ya ukuta taratibu, mikono mgongoni, na ilionekana wazi kwamba anapendezwa. Alitambua kilima kimoja akakigusa. Halafu macho yake yakashuka. Alisimama mbele ya soda wa kwanza muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote.

"Mutani wangu," alimwambia Kambo, "biatu ya hawa bantu iko wapi?"

"Biatu gani?"

"Soda ni biatu. Unataka muzungu aseme tulikuwa banyama ya pori?"

Babu akasema kutoka kitini, "Tulitembeaka bila biatu. Na weye unajua."

Prezida hakubisha, na hilo lilinishangaza. Alisema tu kwamba si kila kilichokuwepo ni cha kuwekwa barabarani, watoto wakakitazama na kucheka. Kisha akatoa amri yake. Wakichorewa mabuti, maandamano yatapita na kusimama. Wasipochorewa, fanfari itanyoosha moja kwa moja hadi mjini. Akaondoka, viatu vikilia.

Jirani aliketi na brashi yake ya unyoya wa kuku, akiitazama miguu aliyoifanyia kazi siku zote zile. Ndipo babu akasema wachore mabuti. Alisema bila kumtazama mtu, na sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile. Anataka saluti, alisema. Miguu anayo mwenyewe, haihitaji ukuta.

Kambo alitwanga makaa. Alikoroga weusi kwenye sufuria mpaka ukawa mzito, akaubeba hadi ukutani, akachuchumaa mbele ya soda wa kwanza. Mimi nilisogea kuona mabuti yataanzaje. Alichovya kijiti, akaipitisha rangi pembeni mwa unyayo, akazunguka kisigino, akapanda katikati ya kila kidole. Alipomaliza, mguu ule ulitoka ukutani kama unataka kukanyaga barabara. Akampa jirani kijiti.

"Weka hivi yote," alisema.

Babu aliona. Hakumkataza. Aligeuza kiti chake kikatazama kona ambako fanfari ingetokea, kama itatokea.

Siku ya sikukuu alivaa mapema sana. Kambo alimfunga medali, akampa fimbo, akamsimamisha mlangoni. Avenyu nzima ilikuwa nje, wanawake walioichora wakiwa mbele na vitambaa vyao vizuri. Tulisikia ngoma kubwa kwanza, kisha tarumbeta. Walitokea kwenye kona, prezida mbele, mzungu wa wilaya pembeni, safu za wazee nyuma. Babu akainua mkono wake wa saluti. Prezida aliutazama ukuta, akaona, na akainua wake: hakupiga saluti, aliwaonyesha wapiga tarumbeta wanyooshe bila kusimama.

Kambo akaingia barabarani.

Inabidi nieleze sheria ya utani, kwa sababu siku hizi naona vijana wenzangu wanadhani ni matusi tu. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele ya watu. Ukikasirika, umeshindwa, na utachekwa mwaka mzima hadi kwenye misiba. Akikudai kitu hadharani, unampa. Prezida alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na nikamwona akipunguza mwendo kabla Kambo hajafungua mdomo.

"Mutani," Kambo alisema, "unakimbia wapi na biatu ya bibi harusi?"

Watu wakacheka. Prezida naye akajilazimisha kucheka, akasema mama huyu apishe njia, mzungu anangoja.

"Angoje. Kama weye ulifikaka ku Tabora na biatu, vula, tuone." Kisha akamsogelea, na ingawa hakupaza sauti, sote tulisikia. "Mguu ya kushoto. Kile kidole ya mwisho na mwenzake, ulibiacha ndani ya buti gani?"

Kicheko kilikatika. Tarumbeta moja iliendelea peke yake kidogo, kisha nayo ikanyamaza. Prezida alimtazama Kambo, akamtazama babu ambaye mkono wake bado ulikuwa kwenye paji la uso, akautazama mguu wa kwanza ukutani. Nilidhani atampiga mtu.

"Mutani," alisema mwishowe, "weye utaniua."

Akaja akaketi kwenye kiti cha babu. Alifungua kamba polepole, akavua kiatu cha kushoto, kisha soksi, akaukanyaga mchanga. Vidole viwili havikuwepo. Nilitazama ukuta, nikatazama mguu, nikatazama ukuta tena, nikahesabu vidole vya pande zote mbili. Alivua na cha kulia.

Mzee mmoja wa safu ya pili akainama. Halafu wa nyuma yake. Wengine walishikana mabega ili wasianguke, wakalaumiana kuhusu nani ana soksi iliyotoboka. Mmoja alisema afadhali Wadachi kuliko kamba hizi. Viatu vikapangwa chini ya ukuta, vyeusi, vya kahawia, vya turubai, kila jozi chini ya mguu uliochorwa. Prezida akasimama mbele, akatoa amri kwa sauti ile iliyojulikana kambi nzima, na safu ikaondoka pekupeku. Walipita mbele ya mlango wetu, nyayo zikipiga mchanga kwa kishindo ambacho viatu havikuwahi kukitoa, wakageuka kwenye kona, wakarudi, wakasimama. Wote wakampigia saluti babu, naye akawapigia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wapiga tarumbeta wakaacha kushindana nao. Mzungu wa wilaya aliitazama saa yake, akatutazama, na alipoona hakuna anayemtazama yeye akavua kofia.

Jirani yetu alipita katikati ya wazee akichungulia chini, akilinganisha.

"Kucha ndiyo nilisahau," alisema, na prezida ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

Mvua ziliuosha ukuta ule, kama zinavyoosha kila ukuta wa udongo, lakini kiangazi kilichofuata ulichorwa upya, na kwenye avenyu nyingine wanawake walianza kuta zao. Masoda wote walikuwa pekupeku, hakuna aliyethubutu kudai mabuti. Babu hakuuona wa pili. Alikuwa amekwisha kufa, na saluti ile ilikuwa ya mwisho kweli, kama alivyosema. Alikuwa ameipata.

Swali langu lilibaki. Nilimwuliza babu kabla hajafa, akacheka, akaniambia nimwulize mke mwenzangu, yaani Kambo. Nilimwuliza Kambo, alisema mtani anamjua mtani wake. Nikajaribu mwenyewe. Labda babu alimsimulia. Lakini babu naye, nilivyoona mimi, alikuwa amekodoa macho siku ile kama sisi. Labda alimwona akioga mtoni. Lakini prezida alikuwa mtu wa kambi yenye mabomba. Nilikwenda chuo nikajifunza jinsi ya kupima ushahidi, na ushahidi huu haukupimika.

Kambo alikufa mimi nikiwa nimemaliza masomo. Kwenye matanga prezida aliletwa, mzee sana, akishikwa mikono huku na huku, viatu vyake amevikumbatia kifuani. Kazi ya mtani msibani ni kumtania maiti ili waliobaki wapumue. Walimkalisha karibu na jeneza, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Amuka, mutani," alisema. "Sindano yako iko wapi? Njia yote ulinichimbaka funza, na miye nalia sawa mutoto. Bidole biwili tu ndiyo bilikushinda."

Shangazi zangu wakongwe wakacheka na kufuta machozi. Wao walijua siku zote. Wale wanawake wenye vyungu nyuma ya safu, karibu na dirisha, walikuwa wake wa masoda waliotembea na jeshi lile hadi Tabora, na mmoja wao alikuwa Kambo.