Baba na Filamu ya Wapishi Wawili

Siku tuliyomwambia Baba kwamba kaka yake amefariki, Baba alicheka. Si tabasamu, si mguno. Alicheka kwa sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, mate yakimshuka upande ule wa mdomo uliopooza. Mimi ndiye niliyempa habari. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu, sebuleni kwetu Kiwalani, nimemshika mikono yote miwili. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani kwangu Madale, na nilipomaliza kuyasema nikapokelewa na kicheko cha usoni. Nilishtuka hadi nikamwachia mikono. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na pindo la kanga mdomoni, alisema, "Astaghfirullah," akatoka nje.

Lazima nieleze kicheko hicho kilivyoingia nyumbani, maana sisi wenyewe ndio tuliokilea.

Miezi minne kabla ya hapo Baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukafunga kabisa. Hospitali walituambia tumpe muda. Tukamrudisha nyumbani, Mama akawa anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko, anamsemesha, naye hajibu kitu. Macho yake yalitufuata, lakini tukasema hata macho ya mtoto mchanga hufuata watu. Mimi nilikuwa nakwenda kila mwisho wa juma, nikifika namuuliza, "Baba, unaendeleaje?" Ananitazama. Narudi Madale nikiwa sina hamu ya kula.

Ndipo Mama akaikumbuka filamu.

Kila nyumba ina kitu chake cha sikukuu. Kwetu, tangu nikiwa mdogo, Idi mosi baada ya pilau, Baba aliweka mkanda wa wapishi wawili. Ni filamu kuukuu, nyeusi na nyeupe, ya siku zile sinema zilipoanza kutoa sauti, na sauti zenyewe zinakwaruza kama watu wanaozungumza ndani ya debe. Mpishi mmoja mnene, mwingine mwembamba. Wamepewa kazi ya kuoka keki za harusi ya tajiri, pete ya bibi harusi ikatumbukia kwenye unga, na sasa keki zimeshapelekwa ukumbini. Basi shughuli yote ni kuitafuta pete bila wenyewe kujua. Keki zinapondwa, zinarushwa, zinakaliwa. Wageni waheshimiwa, baba mkwe akiwemo, wanapinduliwa miguu juu, wanatikiswa. Mkanda ulipochoka tulihamia kwenye diski, na diski ilipokwaruzika nikaitia ile filamu kwenye flashi, tukawa tunaichomeka nyuma ya televisheni. Deki ipo mpaka leo juu ya kabati, imekuwa mahali pa kuwekea funguo.

Siku zile Kiingereza cha wale watu hakuna aliyekijua nyumbani, kwa hiyo Mama ndiye aliyetutafsiria, kama wanavyofanya wale wanaotia sauti filamu za vibanda vya video. Tatizo ni kwamba hata Mama hakukijua. Alibuni. Mnene akifungua mdomo, Mama anadakia, "We zuzu, pete ya watu hiyo, leo tunalala ndani!" Mwembamba akijibu, Mama anabana pua, "Mie nilikwambia tukauze maandazi, ukaona unajua sana." Nilikuja kusoma, nikawa mwalimu wa hicho hicho Kiingereza, ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule mnene alikuwa anauliza mayai yako wapi. Sikumwambia Mama. Filamu yake ilikuwa nzuri kuliko ile iliyomo.

Baba hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa karani wa mizigo, mtu wa kalamu mfukoni na kofia iliyopigwa pasi. Mama akijipiga mapaja kwa kicheko, mimi nagaragara kwenye mkeka, yeye ametulia kwenye kiti chake hadi filamu inakwisha. Tulikuwa tukisema Baba anachekea moyoni.

Basi Mama alipoiwasha, wiki ya tatu baada ya kiharusi, Baba akacheka. Mama alinipigia simu nikiwa darasani. "Mwanangu, baba'ako kacheka! Kacheka mpaka machozi!" Nilipiga kigelegele mbele ya wanafunzi, nikaulizwa kama nimeposwa.

Tangu siku hiyo wapishi wale hawakupumzika. Baada ya chai ya asubuhi, baada ya adhuhuri, baada ya alasiri. Kila ikiwashwa, Baba anacheka, na Mama anamfuta mate huku naye anacheka, anamwambia, "Umeona, mume wangu? Umeona keki ilivyodondoka?" Majirani walikuja kushuhudia mzee anavyopata nafuu, wakaletewa viti. Alianza kucheka hata filamu ikiwa imezimwa: kijiko kikianguka, mtu akikohoa, mara moja wakati wa adhana. Mama akasema anaikumbuka ile sehemu ya baba mkwe kutikiswa. Nami, mwenye diploma yangu, nikakubali.

Na kwa kuwa alikuwa anacheka tu, tukaanza kuzungumza mbele yake. Tulijadili kwamba nimhamishie kwangu Madale, nyumba ya Kiwalani ifungwe. Tulijadili akifa azikwe wapi. Tulimjadili kama kabati, apitishwe mlango upi na akae chumba kipi.

Hicho ndicho kicheko nilichokutana nacho nilipomwambia habari ya kaka yake.

Mama hakutaka aende msibani. "Atatutia aibu," alisema. Nikamjibu kwamba aibu kubwa zaidi ni ndugu kutomzika ndugu yake. Tukakodi gari, tukaenda naye hadi Gongo la Mboto, kwa baba mkubwa, tukamweka chini ya turubai pamoja na wanaume. Mimi nilibaki upenuni, karibu na mlango wa wanawake, nikimwangalia kwa wizi. Saa nzima alitulia. Nikaanza kushukuru.

Jeneza lilipotolewa nje, watu wakisimama na kuitikia shahada, Baba akaangua kicheko.

Sauti za watu zilikatika. Vichwa viligeuka vyote. Mzee mmoja wa upande wa mjane akasema kwa ukali, "Mtoeni huyo!" Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Miguu yangu haikusogea, na hata leo nikikumbuka hilo najionea haya kuliko jambo jingine lolote la siku ile. Baba yangu alikuwa anahitaji mtu wa kumfikia, mimi nikaganda.

Aliyemfikia alikuwa mtani. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi. Mzee huyu wa Kinyamwezi alifanya kazi na Baba na baba mkubwa miaka mingi, na tangu asubuhi alikuwa anafanya kazi ya watani msibani: kavaa koti la marehemu nje ndani, anaigiza mwendo wake, anawaamrisha wafiwa. Aliruka akasimama kati ya Baba na lile jeneza.

"Mwacheni acheke!" alipaza sauti. "Nyie Wazaramo hata kufa hamjui! Huyu wa jenezani kaniahidi mie ndo natangulia, leo kanizunguka, muongo mkubwa! Cheka, mtani wangu, cheka tumsute wote!"

Naye akacheka, kicheko kikubwa cha makusudi kilichofunika cha Baba. Watu wakaguna, wengine wakacheka kidogo, mabega yakashuka, na jeneza likaendelea na safari yake. Kwa namna hiyo Baba alimzika kaka yake.

Waliporudi kutoka makaburini, mtani alikuja moja kwa moja hadi nilipokaa. Koti la marehemu ameshalivua, amelikunja mkononi. Nilianza kumshukuru.

"Shikamoo mzee. Yaani umetuokoa, sijui hata nisemeje."

"Marahaba. Usinishukuru, mwanangu. Nisikilize." Aliinama. "Mie nimecheka misibani tangu napata akili. Kicheko nakijua. Pale nilimwinamia baba'ako nikamtazama machoni. Yule hacheki. Kinamtoka tu, na yeye hakitaki. Mrudisheni hospitali."

Nilimkodolea macho. Zaidi ya miezi mitatu tumekaa na kicheko kile asubuhi, mchana na jioni, na aliyekitambua ni mtu aliyekaa nacho dakika moja.

Mama alibaki msibani na wafiwa, mimi nikampeleka Baba kwa daktari. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Kabla ya kuniambia mimi lolote alimgeukia Baba akasema, "Shikamoo baba," kisha akanyamaza kwa muda ule ule ambao mtu huhitaji kuitikia. Nikagundua kwamba sijamwamkia baba yangu tangu alipougua. Nilikuwa naingia na "unaendeleaje", kama mtu anayeuliza hali ya mafuta jikoni.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Kiharusi kinaweza kukata breki ya kicheko na kilio. Kicheko kinatoka chenyewe, mgonjwa akiwa na huzuni, akiwa na hofu, au bila sababu yoyote. Zipo dawa za kukipunguza, angetuandikia. Halafu akaniuliza, "Mmeshawahi kumuuliza swali kwa namna anayoweza kujibu?"

Akatia vidole vyake viwili kwenye mkono wa kushoto wa Baba. "Baba, bana mara moja kama ni ndiyo. Mara mbili kama ni hapana. Huyu ni mke wako?" Akanionyesha mimi. Mara mbili. "Ni binti yako?" Mara moja. Akateremsha sauti. "Unajua kwamba kaka yako ametutoka?"

Baba alianza kucheka. Na huku anacheka, mabega yanaruka, nikaona vidole vyake vinabana vya daktari mara moja, kwa muda mrefu, hadi kucha zake zikawa nyeupe.

"Anaelewa," daktari alisema.

"Tangu lini?"

"Pengine tangu mwanzo."

Nilikaa. Sikumbuki kiti kilikuwa wapi, lakini nilikaa. Mambo yote tuliyoyasema mbele yake yalinirudia, moja baada ya jingine: nyumba, chumba, kaburi.

Mama aliporejea kutoka msibani nilimweleza yote. Alinisikiliza akivua baibui, akaitundika, kisha, kwa kuwa alasiri ilikuwa imepita, akaichomeka flashi na kuwasha televisheni. Wapishi wakaanza kupepeta unga.

"Daktari hamjui baba'ako," alisema. "Mie namjua. Hii filamu ni uhai wake. Haya, muulize!"

Sikutaka kuuliza. Niliogopa jibu lolote. Nikachuchumaa, nikampa Baba vidole vyangu viwili. "Shikamoo Baba." Kisha nikauliza, "Baba, hii filamu unaipenda?"

Mara mbili.

"Kakosea," Mama alisema. "Muulize tena."

Nikauliza tena. Mara mbili, kwa nguvu.

"Sasa hivi ndo haipendi, kachoka nayo. Muulize zamani."

"Zamani, Baba? Kabla hujaugua, ulikuwa unaipenda?"

Mara mbili.

Mama alibaki ameduwaa na rimoti mkononi. Nilidhani atalia, nikawa natafuta la kumtetea Baba. Badala yake alizima televisheni, akaja akanisukuma pembeni kwa nyonga, akamshika Baba mkono yeye mwenyewe.

"We mzee muongo wewe! Idi zote zile? Unaiweka mwenyewe kwa mkono wako, unakaa umenuna kwenye kiti, kumbe huipendi? Si ungesema!" Alikuwa amefoka kweli, kanga imemwanguka kichwani, na ghafla nikatambua kwamba kwa miezi minne sijamsikia akimfokea Baba. Alikuwa anambembeleza tu, kama kitoto. "Haya, pilau langu je? Nalo hulipendi?"

Baba alibana mara moja. Mama akashusha pumzi kama mwanafunzi aliyefaulu. Akaendelea. Uji una sukari nyingi? Mara moja. Anasikia baridi asubuhi akiogeshwa? Mara moja. "Masikini," Mama alisema kwa sauti ndogo, si kwa kumbembeleza. Anataka kuhamia Madale? Mara mbili, na hapo Mama akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

Kisha kidole gumba chake kikaanza kupapasa mgongo wa ule mkono.

"Baba nanihii," alimwita, kama alivyokuwa akimwita nilipokuwa mdogo. "Unaogopa?"

Baba alibana mara moja. Halafu kicheko kikaja, kile kile, kikubwa, cha kutikisa mabega na kuleta machozi, kikajaza sebule hadi uani. Safari hii hatukucheka naye. Mama alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamshika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akangojea kimalizike.