Kuonja Si Kula

Haya ni kweli tupu, kuanzia chumvi mpaka moshi. Anayebisha akamuulize Mama Karai mwenyewe, ila asisimame karibu sana. Mafuta ya moto hayana adabu.

Saa tano asubuhi, Mama Karai anazamisha viazi kwenye karai la mafuta, katika jiko la kantini ya kiwanda cha viatu. Miaka kumi na tisa ya kukaanga imembandika jina hilo, hata mumewe kasahau lile la harusini. Anaipua, ananyunyiza chumvi. Mkono unaelekea mdomoni, unasita.

"Wifi, njoo."

Wifi, dada wa mumewe anayefanya naye kazi, anatafuna kimoja. "Ongeza chumvi kidogo."

Mwaka jana asingeitwa mtu. Kisha muuguzi wa zahanati akampima kabla hajala chochote, akamkuta na sukari ya 6.4: si kisukari bado, ila mlangoni kabisa. Akamuuliza anakula mara ngapi kwa siku.

"Mbili tu, mwanangu. Tena sahani ndogo."

"Na hapo katikati?"

"Hapo nafanya kazi. Naonja tu."

Muuguzi akashika kalamu. Anaipua mara arobaini kwa siku, kila mara anaonja vipande vitatu: jumla mia na ishirini, vyote vimeogelea mafuta ya kopo, yale yanayoganda meupe kama mshumaa.

"Kuonja si kula," alijitetea, kama wapishi wote.

"Tumbo halijui hiyo tofauti, mama."

Kilichomuuma zaidi ni wifi. Karai moja, viazi vilevile, na kuonja anaonja kwa pupa, lakini sukari yake haina neno. "Nikamuuliza muuguzi, huyu kahonga nani?" anacheka.

Muuguzi alimweleza kwamba insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye seli ili sukari iingie. Wapo wanaorithi seli zenye usikivu hafifu, na mafuta yanayoganda, yakizidi, huzitia uziwi zaidi. Mama yake Mama Karai alikatwa mguu kwa kisukari; kaka yake haoni vizuri. Wifi ametoka ukoo mwingine.

Ndugu wakamshauri aache kazi kabla mguu wake haujafuata.

"Niache jiko niende wapi? Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa, lakini si lazima aume. Damu nimepewa. Mafuta nachagua mwenyewe."

Akamvaa msimamizi wa kantini: makopo yarudi, yaje mafuta ya alizeti.

"Viazi havitakauka vizuri," msimamizi akasema.

"Basi kaanga wewe."

Msimamizi, ambaye hata yai humshinda, alileta alizeti ndani ya wiki.

Kipimo cha mwezi uliopita kilisoma 5.9. Mama Karai anataka 5.5, na anapanga kuwapeleka binti zake wawili wakapimwe. "Wajue mapema walichorithi, wasije kukikuta sahanini."

Kabla ya makala haya kuchapishwa, mwandishi alimsomea. Yalidai kwamba tangu siku ile hajaonja hata kimoja.

"Hapo umenipamba. Jumanne nilionja viwili. Andika."

"Viwili tu, mama. Nani atajua?"

"Mimi. Si umeapa ni kweli tupu? Lipa faini: kisu kile pale, ndoo ya viazi ile pale."

Mwandishi akakunja mikono ya shati, akaanza kumenya.